Gari Bila Spea

"Nimesema kile cha njano, baba, siyo cha kijani!"

"Sijakupata. Rudia tena, ova," sauti ikadakia nyuma yake.

Kornelia aligeuka, kitenge mkononi. Katikati ya vumbi la mnada wa Katesh, mwaka ule wa 1996, alisimama kijana mrefu, ovaroli ya buluu imelowa grisi, anacheka. Ile sauti aliijua. Miezi sita ilikuwa ikimfikia ofisini kwa redio ya mashamba ya ngano, ikilalamikia dizeli na spea, ikimaliza kila ujumbe kwa "ova". Sura ndiyo kwanza aione.

"Wewe ndiye Shamba la Tano?"

"Basili, dereva wa kombaini. Na wewe Makao Makuu. Nilidhani ni mama mwenye miwani na hasira."

"Miwani sina. Hasira ninazo, jaribu uone."

Akajaribu, akapendwa. Tabu ni kwamba redio ile ilisikika mashamba yote saba.

"Makao Makuu, mpenzi, umekula? Ova."

"Acha utundu, kuna watu hewani. Ova."

"Tupo, mwanangu, endeleeni!" mzee Nikolausi wa Shamba la Pili akaingilia, na Kornelia akaficha uso kwa aibu tamu.

Lakini Basili alipotaja posa, raha ikamtoka Kornelia. Hakukaa, hakusimama. Watu wa kwao Basili, Mbulu, huuliza ukoo kwanza, na ukoo wa Kornelia ulikuwa na jibu baya: saratani ya titi ilimchukua bibi, ikamchukua mama akiwa na miaka thelathini na minane, kisha mama mdogo Hilaria. Yeye mwenyewe alikuwa akienda hospitali ya Haydom kupimwa kila miezi sita. Akawa anampiga Basili kalenda.

Asubuhi moja, Basili yuko hewani, ujumbe wa shamba jingine ukaingia katikati: "Wa Kornelia huu. Yule wa Haydom anasema usikose Ijumaa, anakusubiri. Ova."



"Nimekupata," Basili akasema taratibu. "Nimekupata vizuri sana."

Akazima redio. Kornelia alilia, kisha akajiambia afadhali. Heri achukiwe kwa sababu ya mwanamume asiyekuwepo kuliko kuachwa kwa ugonjwa ambao haujaja.

Ijumaa, anateremka kwenye basi Haydom, akamkuta Basili kwenye geti la hospitali amevaa koti la kanisani, ngumi zimekunjwa.

"Yuko wapi huyo bwana?"

"Njoo umwone."

Akampeleka hadi chumbani kwa daktari mwenye mvi kichwa kizima. Basili, aliyekuja kupigana, akajikuta anasema, "Shikamoo, daktari."

"Marahaba."

"Mwambie yote, daktari," Kornelia akasema. "Nimechoka kukimbia."

Daktari alitazama lile koti, akauliza kazi yake, akaambiwa dereva. "Basi utanielewa. Mwilini kuna jeni inayozuia chembe zisiote ovyo. Tunapewa mbili, ya baba na ya mama. Moja ikiharibika, nyingine inashika kazi. Hiyo ndiyo spea. Katika familia hii nadhani watu hurithi moja ikiwa mbovu tangu tumboni. Kornelia huenda kairithi, huenda hakuirithi, nusu kwa nusu. Kipimo chake hapa hatuna. Kama kairithi, anasafiri bila spea. Anaweza kufika salama. Ila ile nzima nayo ikiharibika, saratani hupata njia. Ndiyo maana namkagua."

"Na leo?"

"Leo hajambo."

"Umesikia," Kornelia akasema. "Na watoto wangu hivyo hivyo. Nenda katafute mbegu safi, Basili."

Basili akatangulia kutoka. Wakarudi basi moja, naye akateremka njia panda ya shamba. Siku tatu Kornelia alihangaika na ile redio, akiiwasha, akiipunguza, akiipandisha tena.

Jumatatu ikaita. "Makao Makuu, Shamba la Tano hapa. Ova."

"Tuma ujumbe. Ova."

"Kombaini yangu haina spea tangu mwaka juzi. Kila asubuhi nateremka, naikagua, tunaondoka. Hakuna iliyovuna kuizidi. Wazee wangu nimewaambia yote. Baba kanuna. Mama kasema kwetu kuna kifafa na bado alinizaa. Jumapili wanakuja. Waje? Ova."



"Jibu, mwanangu, watu tunasubiri dizeli!" mzee Nikolausi akalalamika.

Kornelia alibonyeza kitufe, machozi yakimwagika juu ya daftari. "Haydom tutakwenda wote? Kila miezi sita? Ova."

"Wote. Hata kwa trekta. Ova."

"Basi waje," akasema, na akasahau kabisa kusema ova.