Aliyekanyaga Breki

Rafiki yangu Sally, wa huku Kapkatet, ndiye aliyenisimulia haya. Jioni moja mumewe, Bethwel, alikuwa stoo akikaza cheni na breki ya nyuma ya pikipiki. Mvua ilileta giza, stima ikapotea. Sally alikuwa jikoni akinyonyesha, akasikia gurudumu likizunguka, kisha sauti ya mumewe, ya upole: "Kanyaga breki. Achilia. Kanyaga tena. Asante, mrembo."

Sally akabeba mtoto, akasimama kwenye mlango wa stoo, ule mmoja tu.

"Bethwel! Huyo mrembo ni nani?"

"Si ni wewe umekuwa ukinikanyagia hapa?"

Bethwel akawasha tochi ya simu. Hakukuwa na mtu mwingine. Gurudumu lilikuwa limesimama, na pedali ya breki ilikuwa bado imekanyagwa mpaka chini.