Chokaa ya Mjomba Majaliwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chausiku alimpelekea baba yake uji relini. Mzee Muhidini alikuwa mkaguzi wa njia ya reli karibu na stesheni ya Isaka. Alitembea juu ya mataruma na spana yake na nyundo. Akishakaza bolti aliigonga, akasikiliza mlio wake, kisha akaipaka chokaa, alama ya kwamba imeshakazwa. Siku moja alikagua upande wa Shinyanga, siku ya pili upande wa Tabora. Chausiku ndiye aliyemchanganyia chokaa ile, naye aliionea fahari kana kwamba ni yake.

Mwezi huo mjomba wake, Majaliwa, alikuja kuwatembelea kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita. Chausiku alimpenda mno, kwa kuwa hakuna mtu mzima mwingine aliyemsikiliza kwa makini hivyo.

"Shikamoo, mjomba," alimwamkia asubuhi moja.

"Marahaba. Leo shemeji anakagua wapi?"

"Upande wa Shinyanga. Upande wa Tabora ni kesho."

"Una akili wewe! Hebu nichanganyie chokaa, nimpakie mama yako ukuta wa jikoni."

Chausiku aliichanganya haraka katika kopo la jivu, ikatoka na madoadoa meusi. Mjomba akacheka, akaichukua hivyo hivyo.

Alipotoka shule, Chausiku aliona ukuta haujapakwa. Hakujali. Akaenda kuokota kuni upande wa Tabora. Huko, kama kawaida yake, akachukua jiwe akagonga bolti akimwigiza baba yake. Ngo! Ngo! Iliyofuata haikulia. Akaivuta, ikatoka mkononi. Kilikuwa kigingi cha mti, kimepakwa chokaa yenye madoadoa ya jivu. Cha pili kilikuwa vilevile, na cha tatu.

Chausiku akaitambua chokaa aliyoichanganya asubuhi. Kumbe maswali yote yale, na upole wote ule, vilikuwa kwa ajili ya kazi hii! Mjomba alikuwa amemfanya chombo cha kumdanganyia baba yake mzazi.

Majaliwa akatokea kichakani na mfuko mzito begani. "Usiseme kitu, Chausiku. Bolti hizi wenzangu wa machimboni wanapasulia mwamba. Nitazirudisha."

"Na treni ya abiria ya jioni je?"

"Itapita tu. Kwani mimi si mjomba wako?"

Chausiku aligeuka. Alikimbia na kigingi mkononi hadi stesheni. Bwana Athanas, stesheni masta, alikitazama mara moja tu, akarukia simu. Treni ikazuiwa stesheni ya nyuma pamoja na abiria wake wote. Mzee Muhidini na wenzake wakaitengeneza njia, na kabla ya jua kuzama treni ikapita salama, watoto wakipunga mikono madirishani.

Polisi walimkuta Majaliwa bado ana mfuko wake. Alipopitishwa mbele ya stesheni alimtazama mpwa wake. "Umeniuza, Chausiku."

"Wewe ndiye uliyeniuza kwanza, mjomba," Chausiku alijibu huku akilia.

Asubuhi iliyofuata wakaguzi waliongezwa. Sasa pande zote mbili zingekaguliwa kila siku, na hakuna bolti ambayo ingeaminiwa kwa chokaa tu bila kugongwa. Mzee Muhidini akamwomba binti yake amchanganyie chokaa kama zamani. Chausiku akakataa.

"Siitaki tena, baba. Ilitaka kuua watu."

Mzee Muhidini akaketi karibu naye. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Hata mimi nimekosea. Niliiamini rangi, na kila mtu akajua leo niko wapi na kesho nitakuwa wapi. Lakini chokaa haina kosa. Mwenye kosa ni aliyeitumia kufunika uongo. Jana ungenyamaza kwa sababu ya mapenzi, leo tungekuwa tunazika. Mpende mjomba wako, wala usiache kumwombea. Ila usimfunikie mtu uongo unaohatarisha wengine, hata awe mjomba, hata niwe mimi."

Chausiku akafuta machozi. Akaliosha kopo mara mbili, jivu lote likatoka, ndipo akamimina chokaa.