Mgeni wa Kocha

Siku za mazoezi, kengele ya shule ikilia tu, Kambare ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka darasani. Jina hilo alipewa na wenzake wa bwawani, maana alikuwa akizama upande huu na kuibukia upande wa pili wakati wengine bado wanatafuta pumzi. Alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Akifika bwawani alibadilisha nguo haraka haraka, akasokomeza nywele ndani ya kofia ya mpira, akaitemea mate miwani yake isishike ukungu, kisha akajitosa njia ya kwanza, ile ya wenye kasi.

Kocha wao alikuwa mtu wa maneno machache na filimbi nyingi. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyethubutu kuichezea: mazoezi yakiisha, hakuna anayepanda juu mpaka wa mwisho aguse ukuta. Hata kama wewe umemaliza zamani na meno yanagongana kwa baridi, utamsubiri mwenzako humo humo majini.

Nyumbani nako mama yake Kambare alikuwa anaumwa mgongo. Alikuwa dobi, na kutwa nzima alisimama mbele ya meza ya kupigia pasi. Daktari alimwambia kuwa mgongo ule unataka kuogelea, la sivyo kazi ya kusimama itamshinda. Mama alicheka tu. Usichanani aliwahi kuogelea, tena kwa mashindano, lakini tangu ajifungue hakuwa ametia hata mguu bwawani. Kambare ndiye aliyemng'ang'ania. Kila siku alimwambia arudi, kocha hana neno, maji si moto. Aliyasema hayo akidhani kuwa mama ataogelea asubuhi pamoja na watu wazima. Hakukumbuka kwamba asubuhi mama yuko kazini. Basi mama akaenda mwenyewe kwa kocha, akaomba nafasi ya jioni, akapewa njia ya mwisho. Hakutaja kuwa ana mtoto pale, asije akaonekana anaomba upendeleo.

Siku ya kwanza alitokea chumba cha kubadilishia nguo akitembea kwa tahadhari, mkono mmoja ukutani. Nguo yake ya kuogelea ilikuwa ya enzi hizo, rangi imepauka, mkanda mmoja umeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kambare alimwona vizuri kabisa. Badala ya kumpungia mkono, alizamisha kichwa.

Mama aliogelea kwa mtindo wa chura, shingo juu, mashavu yamejaa hewa. Kila akienda kidogo alishika kamba ya maboya, akakohoa, akaendelea. Mazoezi yakaisha. Watoto wote walikuwa wamejipanga ukutani wakitetemeka, na yeye bado yuko katikati ya bwawa.

"Leo tutalala humu," alisema Chiriku, msichana wa njia ya kwanza ambaye mdomo wake haukujua likizo. "Hivi yule mama ni nani?"

Wote walimgeukia Kambare, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na Chiriku. Neno moja tu lilitosha. Alilimeza.

"Simjui," alisema. "Labda ni mgeni wa kocha."

Na uongo huo haukumtosha. Alijaza mashavu, akanyoosha shingo, akapiga maji kama mtu anayefukuza kuku, na wenzake wakavunjika mbavu. Kuchekesha watu ni kutamu sana, mpaka ugeuke. Kambare aligeuka. Mama alikuwa ameshagusa ukuta wa njia ya mwisho, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na alikuwa anamtazama yeye.

"Samahani, wanangu," mama aliwaambia wote. "Nimewachelewesha."

Kambare alimsubiri langoni akiwa hajui atasema nini. Mama alipotoka, alitazama kwanza lile kundi la Chiriku lililosimama kando ya barabara, kisha akamwambia kwa sauti ya chini atangulie na wenzake, yeye atapitia dukani. Hakuwa na la kununua dukani. Alikuwa anamsitiri. Kambare alitangulia huku uso ukimwaka, akitamani ardhi ipasuke immeze.

Alingoja kugombezwa, na hakugombezwa. Angegombezwa angalau angelia yakaisha. Mama alimpakulia chakula, akamuuliza habari za shule, akacheka palipostahili kuchekwa. Siku ya mazoezi iliyofuata alimkabidhi taulo safi, akasema yeye ana kazi nyingi, hataweza kwenda. Safari iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nguo yake ya kuogelea ilibaki imetundikwa nyuma ya mlango, imekauka kau. Jioni moja kijiko kilimponyoka jikoni. Mama alishika meza kwanza, akapiga goti taratibu, akafumba macho, ndipo akakiokota. Kambare aliyaona yote hayo akatoka nje, kwa maana alijua fika ni nani aliyemkalisha mama yake nyumbani.

Siku chache baadaye, watoto wakiwa bado hawajaingia majini, kocha aliuliza kama kuna anayejua habari za yule mama wa njia ya mwisho. Kuna watoto wapya wanaiomba njia ile, na kama hatarudi, itabidi awape.

"Lakini Kambare alisema ni mgeni wako," alidakia Chiriku.

"Mgeni wangu?" Kocha alishangaa. Akamtazama Kambare.

Hapo angeweza kujikausha. Angeweza kusema alikosea, na hakuna ambaye angemshika shati. Lakini alikikumbuka kile kijiko, akapiga moyo konde.

"Ni mama yangu," alisema. "Nilisema simjui. Tena nilimwiga, na aliniona."

Hakuna aliyecheka.

"Umefanya vizuri kuniambia," kocha alisema, "ila si mimi uliyenikana. Vaa nguo zako uende."

Alimkuta mama kwenye duka la dobi, katikati ya mvuke, akinyoosha kola ya shati. Kambare aliomba msamaha akiangalia sakafu. Mama aliimaliza kwanza ile kola, kisha akaisimamisha pasi.

"Iliniuma, sitakuficha," alisema. "Siku ile hata kutoka kwenye kile chumba niliona aibu. Nguo imepauka, mwili si ule wa zamani. Nilishakusanya vitu vyangu nirudi nyumbani. Ndipo nikasikia sauti yako kule bwawani, nikasema, si mwanangu yupo? Naogopa nini?"

Maneno hayo yalimchoma Kambare kuliko fimbo yoyote. Alilia pale pale, mbele ya mashati ya watu. Mama alimwacha alie, kisha akamnyooshea ncha moja ya shuka, naye akaipokea. Wakalikunja pamoja.

"Rudi, mama," alisema. "Nitaogelea njia yako."

"Utachoka kunisubiri."

"Nitasubiri."

Mazoezi yaliyofuata, Kambare aliacha njia ya kwanza na kumfuata mama njia ya mwisho. Anayeogelea nyuma haoni kitu ila nyayo za aliye mbele. Kambare aliziona nyayo za mama yake, visigino vimepasuka kwa kusimama kutwa, na akatambua kwamba hakuwahi kuzitazama. Mara kadhaa mazoea yalimtuma ampite. Alijizuia. Filimbi ya mwisho ilipolia watoto wote walingoja ukutani, na safari hii Chiriku alikuwa anamwamkia mama kabla hajafika, mtu wa watu hata hajapata pumzi ya kuitikia.

Mama aligusa ukuta. Kocha alichuchumaa ukingoni.

"Kila mmoja wenu aliwahi kuwa wa mwisho hapa, na alisubiriwa," aliwaambia watoto. "Kuwa wa mwisho hakumvunjii mtu heshima. Kumkana mtu wako kwa sababu yuko nyuma, hilo ndilo la kuonea aibu. Na ukishalifanya, dawa yake ni ile aliyoinywa Kambare: useme kweli mbele ya wale wale uliowadanganya, kisha umfuate uliyemkosea."

Kambare aliinamisha kichwa. Mama alimgeukia, bado anahema.

"Na lile igizo lako, mwanangu," alisema, "ulisahau kukohoa."

Bwawa zima lilicheka, na mama alicheka kuliko wote. Kambare naye alicheka, machozi yakimlengalenga. Kisha alimshika mama mkono akamsaidia kupanda ngazi, na walipotoka langoni hakuna aliyetangulia.