Maji ya Maduhu

Mnanichosha. Kila mkija hapa ni Limi, Limi, kisha mnaogopa kwenda chooni na mama zenu wananilaumu mimi. Haya, nasema mara hii tu. Atakayenikatiza ataondoka.

Limi ni mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu mkubwa. Alikuwa chuo cha ualimu Kahama, bweni moja na Violeth, msichana wa Ushirombo. Limi ni kati ya wale ambao ukiwasalimia wanajibu kwa bega. Lakini kwenye simu alikuwa mtu mwingine. Kulikuwa na hadithi ya jini, vijana wanaisoma kwenye magrupu, na aliyeitunga akaiacha katikati. Limi akaichukua, watu walewale, jini yuleyule, akawa anaiendeleza kwa jina la kubuni. Wasomaji mamia wakimlilia aongeze. Hakuna aliyejua kuwa ni huyu asiyeweza hata kuomba chumvi mezani.

Jini wa hadithi ile hakuwa na jina. Limi akampa: Maduhu.

Maduhu ni mwanangu mdogo. Duara, shimo la kuchimbia dhahabu, lilimfukia machimboni Geita, Limi akiwa na miaka mitano, na hawakumtoa. Kwetu, mtu akibaki chini, tunachukua udongo wa mdomo wa duara tunauzika nyumbani, na jina lake linakaa kimya mpaka azaliwe mtoto wa kulirithi. Limi alijua, nilimwambia kwa mdomo huu. Akalichukua hivyohivyo. Akaandika kuwa Maduhu yuko hai chini ya mwamba, ana kiu, anagonga, anamsubiri msichana wa kumshushia maji. Na msichana huyo akampa jina la Violeth, na kicheko chake, kwa sababu Violeth alimwita bubu mbele ya darasa zima.

Ilianza na ndoo. Violeth anachota asubuhi, saa saba mchana ndoo kavu, chini kuna vumbi jeusi la mawe.

"Limi, unakunywa kama ng'ombe wa mnadani."

"Si mimi."

"Basi nani, bibi yako?"

Siku ya tatu chumba kikanuka baruti na udongo mbichi. Siku ya tano, jua likiwa kichwani na bweni zima liko darasani, Limi alirudi kuchukua daftari akasikia nyundo chini ya sakafu, ko, ko, ko, taratibu kama mtu aliyechoka lakini hana pa kupumzika, akafungua mlango akamkuta Violeth amesimama akitazama ukuta, ndoo tupu mkononi, macho wazi, nywele zimejaa vumbi, na mdomoni mwake inatoka sauti ya mwanaume, sauti ya upole kabisa, inasema, "Mwambieni mama giza limezidi. Huyo wa maji mbona hafiki?"

Limi akanipigia, ananong'ona mpaka nikamfokea.

"Bibi, nimeandika kitu."

"Futa."

"Nimeshatuma. Kuna sehemu Violeth anashuka kwa Maduhu. Wameshaisoma."

Kesho yake Violeth alikamatwa stendi, miguu mitupu, ndoo kichwani, anaulizia gari la Geita.

Niliwachukua wote wawili mpaka Kishapu kwa mganga Ndaki, mtu wa maneno machache. Violeth alikuwa anapumua kama mwenye kifusi kifuani. Ndaki alimwangalia, akaniangalia mimi.

"Mama Maduhu, hapa hakuna jini. Ni mtu wenu. Kaamshwa, kaahidiwa maji na wa kuyaleta. Anadai."

"Nitampelekea mimi. Nilimzaa."

"Wewe hukumwahidi."

Limi akauliza, sauti haifiki hata mlangoni, "Nikiacha ilivyo?"

"Huyu atashuka. Wewe utarudi chuoni, utakuwa mwalimu."

Sitamsingizia wema. Nilimwona anapima. Violeth akakohoa, tope likamtoka puani. Nikamwambia mjukuu wangu, "Ulikuwa na ulimi wa kumzika mwenzako. Sasa tuuone."

Akatoa simu. Akaandika mbele yetu kuwa Violeth hajawahi kuingia katika hadithi ile, kuwa aliyeitwa kupeleka maji ni yeye, Limi, na akataja baba yake na ukoo wake. Akawatumia wasomaji wote. Nyundo, ambayo tulikuwa tunaisikia chini ya mkeka wa Ndaki tangu tulipokaa, ikanyamaza. Violeth akapiga chafya mara tatu, akauliza kwa nini hajala.

Violeth sasa anafundisha. Limi chuo aliacha mwaka uleule. Anaishi machimboni, kibanda cha bati hatua arobaini kutoka duara lile, na kila siku saa saba anamimina ndoo nzima pale mdomoni. Wachimbaji wanasema hawajawahi kusikia maji yakigonga chini. Alipougua malaria akakosa siku moja, asubuhi walimkuta kwenye ukingo wa duara, miguu inaning'inia ndani, amelala. Wanaume wawili walikuja kumposa. Kila mmoja alilala pale usiku mmoja, akaenda zake, hakurudi. Hadithi hajaandika tena, hata neno moja.

Ana miaka ishirini na mbili. Nilimuuliza Ndaki atamaliza lini kulipa, akaanza kukunja mkeka wake.