Mkalimani wa Chombo Kisicho na Siri

"Tafsiri kila kitu, mama," nahodha alimwambia kwenye kisikizi. "Usiruke hata kikohozi."

Mkalimani aliitikia kwa kichwa ndani ya kibanda chake cha kioo. Vyombo vya anga vya daraja la Msuluhishi viliundwa hivyo: nusu maabara, nusu ukumbi wa mazungumzo, bunduki hata moja hakuna. Ili wageni wa sayari nyingine wasishuku hila, vinasa sauti vya maabara viliunganishwa na ukumbi. Mtaalamu akipima, mgeni anasikia. Chombo hakikuwa na siri. Siri walikuwa nazo waume za watu.

Wa kwake ndiye mkuu wa maabara. Miaka kumi na moja ya ndoa, na mwezi uliopita alimjia na uso wa msiba: chombo kipya anachohamia hakina nafasi ya mkalimani. Akamwomba atangulie nyumbani, atamwita mambo yakitulia. Mke alilia, kisha akampigia pasi mashati tisa ya safari.

Sasa wajumbe saba walikuwa ukumbini, wakiongozwa na bibi mmoja mwenye macho makavu, wakisubiri kusomewa vipimo vya maji ya sayari yao. Badala ya vipimo, ikasikika simu ikiita maabara.

"Niambie, kipenzi," ilisema sauti ya mumewe, aliyesahau kinasa.

Kwa taratibu za kazi, mkalimani hasemi "amesema hivi". Husema "mimi", kana kwamba maneno ni yake. Basi akawaambia wajumbe kwa lugha yao, kwa sauti laini kabisa: niambie, kipenzi. Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaandika.

"Tulia wewe. Nafasi ya mkalimani ipo, nimekuandikia jina lako. Lugha utajifunzia hukohuko."

Akatafsiri.

"Mke wangu? Nimemwambia nafasi hakuna, ameamini. Yule ukimwambia jua limefungwa kwa matengenezo, atakuuliza litafunguliwa saa ngapi."

Akatafsiri na hilo. Wajumbe wawili wakacheka, maana utani ulikuwa umetafsiriwa vizuri.

"Mama, ishia hapo," nahodha alinong'ona.

"Ulisema nisiruke."

Yule bibi akainua mkono, akauliza jambo. Mkalimani akamgeukia nahodha.

"Anauliza huyo mke yuko wapi."

Nahodha akatazama viatu vyake. Wageni walikuja kujua kitu kimoja tu, kama watu hawa husema kweli.

"Mjibu unavyoona, mama."

Akamjibu kwamba mke yuko hapa, ndiye anayemtafsiria.

Bibi akavuta karatasi za mkataba, akasaini kurasa zote bila kungoja vipimo. Akasema watu wanaoanika aibu yao namna hii hawawezi kumficha mtu habari za maji. Ukumbi ukapiga makofi. Mkalimani akatafsiri pongezi zote hadi ya mwisho.

Simu yake ikatetemeka: "Mke wangu, ule ulikuwa mzaha na fundi wa mitambo. Usinune." Kabla hajamaliza kusoma, mwenyewe alikuwa mlangoni mwa kibanda, anahema.

"Ungeshindwa nini kusema mitambo imeharibika?"

"Ningekuwa nimedanganya kazini."

"Mimi ni mume wako."

"Leo ulikuwa mimi. Maneno yako yote nimeyasema kwa mdomo wangu, hadi ya kunicheka. Na wameelewa."

"Basi nisamehe. Nilipitiwa."

Hakujibiwa, kwa sababu nahodha alifika na habari kwamba wajumbe wameomba jina la mkuu wa maabara liandikwe kwenye mkataba, kwa heshima ya uwazi wake. Na mwanaume yule, jasho halijakauka, akanyoosha mkono kupokea hongera. Akatabasamu kabisa.

Mkewe akapita katikati yao, mikono ikaachana kumpisha. Chumbani alikunja nguo zake tu. Mlango wa chombo cha kurudi nyumbani ulipofungwa, ndipo alipomjibu kwa simu:

"Talaka itamke mwenyewe. Mimi nimeacha kukusemea."