Binti wa Mnyapara

Kila siku baada ya masomo, Kidoti alipitia kwenye kibanda cha baba yake. Baba alikuwa fundi viatu, na kibanda chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba mteja akiingia, fundi hana budi kukunja magoti. Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya alama nyeusi shavuni, alikuwa na kazi yake humo: kupaka nta uzi wa kushonea na kumsimulia baba vituko vya shuleni. Wakianza kucheka, nyundo ilibidi iwekwe chini.

Hayo yalikuwa kabla ya tamthilia.

Watengenezaji wa tamthilia walifika mjini kutafuta watu wa kuigiza miaka ya mwisho ya ukoloni. Baba, ambaye tangu ujana aliigiza kwenye kikundi cha mtaa, akaenda kujaribu bahati yake. Alirudi anang'aa uso mzima. Amepata nafasi kubwa! Mtaa ukampongeza, wala hakuna aliyeuliza ni nafasi gani. Kumbe ni ya mnyapara, yule msimamizi wa shamba la mkoloni, aliyewachapa wenzake viboko na kuwachongea waliodai uhuru.

Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa kila Jumamosi jioni, mtaa ulijaa kwa kinyozi, mwenye televisheni kubwa. Jamani, baba aliijua kazi yake! Alitembea akiburuta mguu mmoja, na kila alipotaka kumpiga mtu alipiga kwanza mluzi mwembamba. Mluzi ule ukisikika, hata watu wazima walikunja ngumi. Siku alipompokonya kikongwe kibuyu cha maji na kuyamwaga mchangani, muuza mayai alivua ndala yake akairusha kwenye kioo.

"Mama wewe!" kinyozi akapiga kelele. "Televisheni imekukosea nini?"

Watu walicheka, lakini chuki ilitoka kwenye kioo ikaingia mtaani. Kesho yake muuza mayai alimwambia fundi, "Mayai yamekwisha," na trei zimejaa mbele yake. Viatu vya kushonwa vikapungua kibandani. Mwanzoni baba alilichukulia jambo hilo kama mzaha. Watu wanajua ni maigizo, alisema. Ndiyo, walijua, ila mioyo yao haikutaka kujua.

"Baba, waambie wabadilishe," Kidoti alimsihi. "Mnyapara atubu. Awe mwema japo kidogo!"

"Mwanangu, vipande vyote vilisharekodiwa. Maji yakimwagika hayazoleki."

Basi Kidoti akawa anaiogopa Jumamosi. Angefanya nini? Hawezi kuzima televisheni ya mtu, hawezi kuwalazimisha watu walete viatu. Shuleni wenzake walimpigia mluzi ule ule kila alipoingia darasani. "Haya, simameni! Binti wa mnyapara amefika!" Alivumilia, akavumilia, mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Yule si baba yangu," alisema siku moja. "Anafanana naye tu."

Uongo nao ni mtoto mchanga. Ukishauzaa, lazima uulee. Asubuhi moja soli ya kiatu cha Kidoti ilibanduka, akaenda shule na ndala. Wakati wa mapumziko alikuwa amekaa na wenzake karibu na geti, mara baba akatokea amebeba viatu vya bintiye mkononi. Alikuwa amevishona upya na kuving'arisha.

Mluzi ukasikika nyuma ya Kidoti. Kisha wa pili. Baba akasimama palepale, akitabasamu kidogo.

"Kidoti, si mzee wako huyu?" mlinzi wa geti akauliza.

Wenzake wote walimgeukia. Kidoti alitaka kusema ndiyo, wallahi alitaka, lakini kinywa kikasema kingine.

"Hapana. Simjui."

Baba akaziona zile ndala miguuni mwake. "Samahani, mzee mwenzangu," alimwambia mlinzi kwa sauti ya chini. "Nimekosea mtoto." Akaviweka viatu chini kando ya geti, akaondoka.

Jioni ile hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Aliuliza tu kama ameshakula. Kidoti alitafuta neno la kuanzia asilipate, na tangu siku hiyo hakupita tena kibandani. Viatu vilimtosha vizuri mno, na kila hatua ilimchoma.

Jumamosi ya mwisho, Bibi, mama mzazi wa baba, alimshika mkono. "Twende kwa kinyozi tukaone mwisho." Baba alibaki nyumbani.

Katika televisheni, bendera ya mkoloni ilikuwa ikishushwa. Watu waliimba, wakakumbatiana. Mnyapara akaja akiburuta mguu, kofia mkononi, akitaka kuimba nao. Wa kwanza aliyemkaribia alimpa mgongo. Akamwendea mwingine, naye akampa mgongo. Mwisho akabaki peke yake katikati ya uwanja, huku furaha ikimpita pembeni.

"Amekoma!" muuza mayai akashangilia. "Ajue sasa!"

Lakini Kidoti aliutambua ule uso. Alikwisha kuuona, getini pa shule. Machozi yakamtoka, akajikuta amesimama.

"Yule ni baba yangu!" alilia. "Aliniletea viatu, nikasema simjui. Nilidanganya. Ni baba yangu!"

Kinyozi akapunguza sauti ya televisheni. Bibi akainuka polepole, akimwegemea mjukuu wake.

"Mimi nilikuwa mtoto kama huyu, mnyapara wa kweli alipomchukua baba yangu shambani," alisema. "Hatukumwona tena. Mwanangu alipopewa nafasi hii alinijia, akaniuliza mtu yule alitembeaje, alicheka vipi. Mguu ule wa kuburuta nimemfundisha mimi. Mluzi ule nimemfundisha mimi, na usiku ule sikulala. Kama mmemchukia mnyapara, basi kazi yetu imekwenda sawa. Lakini mlimnyima fundi mayai kwa kosa la mnyapara aliyekwisha kufa! Mna tofauti gani na waliowahukumu watu bila kuwauliza?"

Muuza mayai akainamisha kichwa. Bibi akamgeukia Kidoti.

"Na wewe, mjukuu wangu, shika hili. Aibu ya kuchekwa huisha watu wakichoka kucheka. Aibu ya kumkana mtu wako haiishi mpaka uende mwenyewe ukaseme kweli."

Kidoti hakungoja. Alikimbia mpaka nyumbani. Baba alikuwa amekaa kizingitini, akilainisha kipande cha ngozi kisicho cha mteja yeyote. Kidoti alisimama mbele yake, pumzi zikimwenda mbio, viatu vyake vimejaa vumbi.

"Baba," alisema, "siku ile hukukosea mtoto."

Baba aliiweka ile ngozi chini. Kisha akasogea, akamwachia nafasi kizingitini, akampa uzi na kipande cha nta.

Jumatatu asubuhi muuza mayai alikuja kibandani na ndala iliyokatika kamba, ile ile aliyoirusha.