Haloo ya Nne

"Futa hiyo sentensi, mwanangu. Hakuna binadamu anayesema hivyo."

Binti wa kompyuta alishusha pumzi. Tangu asubuhi mzee huyu alikuwa ameketi kwenye stuli kando yake, miwani imemshukia hadi ncha ya pua, na bado walikuwa kwenye herufi H. Pale kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Bwana Kamusi. Alikwisha kustaafu, lakini kamusi ya Kiingereza na Kiswahili aliyoitumikia ujana wake wote ilikuwa inachapwa upya, na mwenye kiwanda akamwomba aje kuipitia kabla haijaingia mtamboni. Akaja na kalamu nyekundu, chupa ya chai, na ubishi wake wote.

Neno lililowakwamisha lilikuwa haloo.

"Mzee, hilo nalo lina nini? Kila mtu analijua."

"Ndiyo shida yake. Neno likishajulikana na kila mtu, hakuna tena anayelisikiliza."

Akaanza kumweleza, na akianza kueleza huwa hashikiki. Akasema Waingereza wenyewe zamani hawakuwa wakisalimiana kwa neno hilo. Lilikuwa ukelele wa kumshtua mtu au wa kuonyesha mshangao, na kila mwandishi aliliandika alivyojisikia. Ilipokuja simu, watu wakajikuta wanazungumza na mtu wasiyemwona, hawajui waanzie wapi. Wapo waliotaka utumike wito wa mabaharia, lakini haloo ikashinda, ikasafiri na nyaya mpaka ikafika kwetu. Sisi nasi tukaipokea na kuipa kazi zetu: ya kupokea simu, ya kuuliza kama laini bado iko hai, ya kumzindua mtu unayemsemesha huku akili yake iko kwingine.

"Na mwanzo wake kabisa?" binti aliuliza, maana sasa alikuwa ameanza kunogewa.

"Hapo wataalamu wanabishana. Mimi napenda wale wanaosema ulikuwa wito wa msafiri aliyefika mtoni akakuta mwenye mtumbwi yuko ng'ambo. Anasimama ukingoni, anaita. Maana yake, njoo unichukue."

Alivua miwani akaifuta kwa upindo wa shati, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwenye mfano weka hivi: Haloo, swichibodi hapa, nikuunganishe na nani?"

Binti aliacha kuchapa. Sentensi hiyo aliisikia asubuhi ile ile, jikoni kwao, kutoka kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa opereta wa simu mpaka mitambo ile ya zamani ilipong'olewa, ila mdomo wake haukukubali kustaafu. Hata fundi bomba akimpigia kwenye simu ya mkononi, humpokea hivyo hivyo. Nyumbani walimtania mpaka wakachoka.

"Nani alikuwa anasema hivyo, mzee?"

"Mtu mmoja. Nilimpoteza kwa ujinga wa kikazi."

Akasimulia bila kumtazama, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta. Enzi hizo ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kubwa, na chumba cha swichibodi kilikuwa kule chini, kando ya ngazi. Ukitaka kupiga simu popote, ulinyanyua mkono wa simu, taa ndogo ikawaka mbele ya opereta, naye akachomeka waya na kukuitikia. Kijana wa kamusi, yaani yeye mwenyewe, alipewa herufi H. Na kwa kuwa ofisini kwao hakuna aliyeruhusiwa kueleza neno kabla hajalisikia kwenye vinywa vya watu, akawa ananyanyua simu na kunyamaza, anamsikiliza tu opereta. Haloo ya Jumatatu si ya Ijumaa. Haloo ya siku ya mvua ina mafua kidogo. Opereta naye alikuwa na sheria yake: ita haloo mara tatu, usipojibiwa chomoa waya. Basi kila siku kijana alipata haloo zake tatu, akaridhika.

Siku moja opereta akapanda ngazi zote, visikilizio bado viko shingoni, akasimama mlangoni na kuuliza yuko wapi bubu wa ghorofa hii. Mapenzi yao yalianzia hapo, kwa kufokewa. Ikawa kila mchana wanakula pamoja kwenye ngazi. Kijana akimweleza maneno yalikotoka, opereta akimfundisha namna ya kumjua mtu kwa pumzi yake, kabla hata hajasema.

Ulipofika wakati wa kumposa, kijana aliona haya kusema uso kwa uso. Akamwambia, kesho saa nne nitapiga, nitakuuliza kitu. Opereta akajua ni kitu gani. Nani asingejua?

"Saa nne nikanyanyua simu," Bwana Kamusi alisema. "Akaita haloo. Mwanangu, sijapata kusikia haloo ya namna ile, kabla wala baada yake. Ilikuwa inatetemeka. Nami badala ya kusema, nikasikiliza. Mazoea mabaya. Akaita ya pili, nasikiliza. Ya tatu. Nilipofungua mdomo, waya umeshachomolewa."

"Ukafanya nini?"

"Nikajua nimekataliwa."

Alasiri alipopata nguvu ya kushuka, alikuta opereta mwingine kwenye kiti. Akaambiwa yule ameomba uhamisho mchana huo huo, na habari za wafanyakazi hazitolewi ovyo. Akalikubali jibu hilo, akapanda ngazi, akarudi kwenye herufi H. Hapo ndipo mimi ninayesimulia namlaumu. Mtu anayeweza kubishana asubuhi nzima kwa ajili ya mkato mmoja, mbele ya karani wa swichibodi akaishiwa maneno. Baadaye alioa kwingine, akaishi na mkewe kwa wema mpaka alipomzika.

Binti hakusema kitu kuhusu shangazi yake. Alichukua kipande cha karatasi, akaandika namba ya simu, akamsogezea.

"Mzee, piga hapo kesho asubuhi. Ila uniahidi jambo moja. Ukisikia haloo ya kwanza tu, sema."

Nyumbani alimkuta shangazi sebuleni katikati ya maboksi, anafunga vikombe kwa magazeti. Kaka yake binti alikuwa amemwita shangazi akaishi naye huko mbali anakofanyia kazi. Binti mwenyewe alishapata chumba karibu na kiwanda, nyumba ingebaki tupu, na shangazi akakubali kwa shingo upande kwa sababu hakuwa na la kumbakiza. Gari la mizigo lilikuwa linakuja kesho. Huyu ni mwanamke ambaye hakuolewa, na si kwa kukosa waposaji. Kila mmoja aliyekuja, yeye alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamfungulia mlango wa kutokea.

"Shangazi, leo nimemwona bubu wa ghorofa ya tatu."

Kikombe kilimponyoka kikaangukia magazeti. Shangazi alikitazama kama kina jibu, kisha akaketi juu ya boksi.

"Nilimngoja aseme," alisema taratibu. "Msimamizi alikuwa amesimama mgongoni kwangu. Nikaita mara tatu, kama sheria. Namsikia kabisa anavyohema, na hasemi. Nikajua amebadili mawazo, anataka nikate mimi ili lawama iwe yangu. Sasa ile taa ya ghorofa ya tatu ningeitazamaje kila siku?"

"Hakubadili mawazo. Alikuwa anakusikiliza."

"Ananisikiliza."

"Anasema haloo yako ilikuwa inatetemeka, akasahau kusema."

Shangazi alicheka kicheko kikavu, na katikati yake machozi yakamtoka.

"Kwa hiyo siku naposwa, mwenzangu yuko kazini."

Alijifuta kwa kipande cha gazeti kikamwachia wino shavuni, akarudi kufunga vikombe. Akasema yaliyopita yamepita, kamba zimeshanunuliwa, na yeye si mtoto wa kuchezeshwa na simu. Akaonya namba yake asipewe mtu. Binti akaitikia "sawa", akaingia chumbani kwake, akajifungia. Walitenganishwa na ukuta tu, lakini kuna mambo mdomo hauyawezi, basi akatuma ujumbe:

"Shangazi nisamehe. Nilishampa kabla sijatoka kazini."

Jibu likarudi: "Una adabu za baba yako."

Na baada ya kitambo, jingine: "Alikuwa amevaaje?"

"Shati jeupe. Limenyooshwa pasi mpaka kola."

Binti alimsikia shangazi ng'ambo ya ukuta akikohoa kikohozi cha kuficha kitu.

Asubuhi gari lilifika. Dereva na mwenzake walianza na kitanda, wakafuata kabati, wakavifunga kamba. Shangazi alikuwa anafagia chumba kisicho na kitu cha kufagiwa. Simu ikalia juu ya boksi la mwisho. Namba ngeni. Akaiacha ilie kidogo, akajitengeneza kilemba kana kwamba ataonekana, akaipokea.

"Haloo, swichibodi hapa. Nikuunganishe na nani?"

Kimya. Pumzi tu. Na yeye, aliyejua watu kwa pumzi zao, alishika ukuta.

"Haloo."

Pumzi.

"Haloo."

Hiyo ya tatu ilitetemeka. Binti akiwa mlangoni aliona kidole gumba cha shangazi kikienda kwenye kitufe chekundu, chenyewe, kwa mazoea ya kazi.  Kidole kikafika juu ya kitufe, kikasimama.

"Haloo," shangazi aliita mara ya nne. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kuita mara ya nne.

"Nipo." Sauti ilikuwa ya mzee, yenye mikwaruzo. "Niko ng'ambo huku. Njoo unichukue."

Shangazi alifumba macho. Maneno hayo alielezwa kwenye ngazi zile, mchana mmoja, mdomo umejaa chakula.

"Umechelewa," alisema.

"Najua. Nilikuwa na swali."

"Najua ulikuwa na swali."

"Bado ni lile lile. Utakubali nikuoe?"

Shangazi alilitazama gari la mizigo dirishani. Alisema tu, "Usikate," akailaza simu juu ya boksi taratibu, akatoka nje.

"Baba, shusheni vitu."

"Mama, tumeshafunga kamba," dereva alinung'unika.

"Basi fungueni."

Binti alikimbilia simu akaiweka sikioni.

"Mzee, bado upo?"

"Nipo, mwanangu. Amesemaje?"

"Wewe sikiliza," binti alisema, akaitoa simu nje ya dirisha ili mzee asikie kitanda kikishushwa.